Maji Yenye Magadi na Afya ya Ardhi

Hotuba kwa Machifu, Walimu na Wakulima wa Mashamba ya Mifereji



Neno tulilokuja kusema lahusu maji ya mifereji na ya visima tunayoyatia katika mashamba yetu. Watu wengi hudhani kwamba maji ni maji tu, na kwamba shamba kavu likipata maji limekwisha pona. Ni kweli kwamba pasipo maji hapana mavuno. Lakini yako maji ambayo hulisha shamba mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu, huku yakiliua polepole. Hata ikifika siku mwenye shamba asimama mpakani akiitazama ardhi ngumu kama sakafu, isiyoota hata magugu. Maji hayo ni yale yenye magadi.

Neno magadi si geni kwetu. Mama zetu hutia magadi katika chungu cha maharagwe au makande ili yaive upesi. Watumiao ugoro huyachanganya na tumbaku, na wafugaji huwalambisha ng'ombe wao. Kitu hicho kikiwa kidogo jikoni chatufaa. Lakini kikiingia shambani mwaka baada ya mwaka, hakiivishi maharagwe, bali huyaua.

Yatoka wapi magadi haya? Yatoka katika mawe. Nchi yetu ya Bonde la Ufa ilijengwa na milima ya moto, na mawe mengi ya milima hiyo yana magadi ndani yake. Ol Doinyo Lengai, ulio karibu na Ziwa Natron, ndio mlima wa moto pekee ujulikanao duniani utoao siku hizi mawe yaliyoyeyuka yenye magadi mengi. Na huko Kenya liko Ziwa Magadi, ambako kampuni iliundwa mwaka 1911 ili kuyachimba na kuyauza. Mvua ikinyesha, maji hupita katika mawe na udongo, huyeyusha magadi kidogo kidogo, na kuyachukua chini bondeni. Ndiyo sababu maji ya juu mlimani kwa kawaida huwa safi kuliko ya uwandani; na maji ya kisima kirefu huenda yakawa na magadi mengi kuliko ya mto upitao karibu na kisima hicho.

Sasa na tufanye hesabu ndogo, hasa ninyi walimu mtakaoipeleka darasani. Tuseme maji ya mfereji yana nusu gramu tu ya chumvi na magadi katika kila lita. Katika debe la lita 20 mtakuwa na gramu 10, yaani kama vijiko viwili vidogo vya chai. Ukiyanywa hutaona ladha kubwa. Lakini shamba la hekta moja likipewa maji ya kimo cha mita moja kwa mwaka, limepewa lita milioni 10. Hesabuni: ni kilo 5,000, yaani tani 5 za chumvi na magadi katika mwaka mmoja, au magunia 50 ya kilo 100. Maji hupanda hewani kwa jua na kwa majani ya mimea, lakini chumvi haipandi hewani. Yote iliyoingia hubaki, ila ile iliyotolewa na maji yapitayo chini. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki hatukitaki kijae.

Yafaa tutofautishe magonjwa mawili, maana watu huyachanganya. La kwanza ni ugonjwa wa chumvi ya kawaida. Hapo ardhi huonekana nyeupe juu wakati wa kiangazi, na mimea hunyauka hata kama udongo una unyevu, kwa sababu chumvi huzuia mizizi isivute maji. Ugonjwa huu ni mbaya, lakini udongo wenyewe hubaki mlegevu. Ukiuosha kwa maji mema, na maji hayo yakapata njia ya kutoka, hupona. La pili ni ugonjwa wa magadi, na huo ni mzito zaidi, kwa kuwa hauwadhuru mimea peke yao, bali huvunja umbo lenyewe la udongo.

Sikilizeni jinsi uvunjavyo. Udongo wa mfinyanzi ni chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Katika shamba zima chembe hizo hushikamana katika vidonge, na kati ya vidonge huwamo nafasi ndogo ambazo maji, hewa na mizizi hupita. Kinachosaidia chembe hizo kushikamana ni namna ya chokaa iliyoyeyuka, ambayo wataalamu huiita kalsiamu. Ndani ya magadi kimo kitu kingine, sodiamu, na hicho hakina nguvu ya kuzishika. Kalsiamu ikiwa nyingi, nyumba imesimama. Sodiamu ikiingia na kuchukua nafasi yake, chembe huachana, kila moja huenda njia yake, na zikichukuliwa na maji huziba zile nafasi ndogo. Ndipo maji husimama juu ya shamba siku nyingi bila kuzama. Na yakikauka, ardhi hupasuka na kuwa ngumu hata jembe hurudi.

Lakini kwa nini kalsiamu iondoke? Tazameni birika la chai lililotumika muda mrefu. Chini yake hufanya ukoko mweupe. Ukoko huo ni chokaa iliyokuwamo katika maji, ikatoka kwa moto na kugeuka jiwe. Shambani jua hufanya kazi kama moto. Maji yenye magadi yakikauka, kalsiamu iliyo ndani yake, pamoja na ile iliyokuwa udongoni, hugeuka ukoko huo, na ukoko hauyeyuki tena kwa urahisi. Kalsiamu imefungwa jela, na sodiamu imebaki huru kutawala shamba. Hivyo yawezekana maji yaonekane kuwa na sodiamu ya kadiri tu yanapopimwa mtoni, lakini yakiisha kukauka shambani mara nyingi, sodiamu ikawa ndiyo iliyobaki karibu peke yake.

Madhara mengine hufuata. Magadi yakizidi, madini ya chuma na zinki, na mbolea ya fosfeti, hushindwa kuyeyuka, hata mmea hufa njaa ukiwa mezani. Majani yake huwa manjano kati ya mishipa. Hewa hukosekana chini, mizizi huoza. Rutuba nyeusi, ile mboji ya majani na samadi, huyeyuka na kupanda juu, hata ardhi hufanya madoa meusi kama yaliyomwagiwa mafuta. Mtu asiyejua hufurahi akidhani ni rutuba, kumbe ndiyo rutuba inayotoroka.

Jambo moja limewadanganya wengi, nasi twataka mlishike. Maji yenye magadi hayana lazima kuwa machungu kinywani. Huenda yakawa laini, yakatoa povu zuri la sabuni, na mama zetu wakayasifu kwa kufua. Povu hilo jingi ni dalili kwamba chokaa imo kidogo ndani yake. Maji yafaayo kufua nguo mara nyingine ndiyo yasiyofaa kunywesha shamba. Tena mvua, ambayo twaiita baraka, huweza kuufunua ugonjwa: chumvi kidogo iliyokuwa ikizishika chembe huoshwa, sodiamu ikabaki, na mara baada ya mvua kubwa shamba lililokuwa likizaa kwa shida hufunga kabisa. Ndipo watu husema ni ya mvua, au ni ya mtu.

Tumesema ni ya mtu. Ndugu, msione haya tukilitaja neno hili. Shamba la mmoja likifa na la jirani likazaa, mara huzuka maneno ya uchawi, nyumba zikafarakana, na watoto wakakatazwa kuchotea kisima kimoja. Lakini shamba lililo bondeni hupokea maji yaliyokwisha pita katika mashamba matatu au manne ya juu, nayo yamechukua magadi ya yote. Tena maji yanayovuja usiku katika mifereji ya udongo huzama na kupandisha maji ya chini ya ardhi. Yakifika karibu na uso wa nchi, kadiri ya mita 1 au 2, huvutwa juu kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, na jua likiyakausha huacha mzigo wake palepale. Basi mtu wa bondeni hakulogwa. Ameletewa mzigo wa watu wote.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Katika Bara Hindi mfereji mkubwa wa mto Ganges ulifunguliwa mwaka 1854, na mingine ilipanuliwa kabla na baada yake. Mavuno yalikuwa mengi. Lakini baada ya muda wakulima waliona ardhi yao ikigeuka nyeupe na kufa, wakalalamika, na katika miaka ya 1870 serikali ya huko iliunda kamati ya kuchunguza. Katika Marekani, Eugene Hilgard, mtaalamu wa udongo aliyeanza kufundisha katika chuo cha California mwaka 1875, alionyesha kwamba ardhi ya magadi yaweza kuponywa kwa jasi. Nako Bara Hindi, katika mji wa Karnal, kilianzishwa mwaka 1969 chuo cha kuchunguza ardhi zenye chumvi. Kwa njia zilizofundishwa huko, zaidi ya hekta milioni moja zilizokuwa zimekufa zimerudishwa kulimwa. Kwa hiyo hatuwaletei habari ya kilio tu. Ugonjwa huu una dawa, lakini dawa yake ni ghali na ya miaka, na kinga yake ni rahisi.

Na kwetu? Katika uwanda ulio kusini ya Moshi, pande za Kahe na Arusha Chini, ambako mvua ni chache na kilimo hutegemea maji ya mito na visima, wataalamu wameeleza muda mrefu habari za ardhi zenye chumvi na magadi. Nchi nyingine kavu za Bonde la Ufa zina hatari ile ile. Kila mahali panapofunguliwa mfereji mpya au kufungwa pampu mpya katika nchi kavu, swali hili lataka kuulizwa kabla ya jembe la kwanza.

Basi yafaa tufanye nini?

1. Kupima maji kwanza. Chukueni chupa safi, isuuzeni mara tatu kwa maji yale yale, ijazeni mpaka juu, mfunge vizuri na kuandika jina la mahali na tarehe. Chukueni wakati wa kiangazi, maana ndipo magadi huwa mengi. Pelekeni kwa bwana shamba, naye ataifikisha kwenye maabara ya udongo, kama ile ya Mlingano katika wilaya ya Muheza, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro, au ya Kabete kwa ndugu zetu wa Kenya. Msiulize tu kama maji yana chumvi. Ulizeni pia kiasi cha sodiamu kikilinganishwa na kalsiamu na magnesiamu, na kiasi cha magadi yanayobaki baada ya kalsiamu na magnesiamu kutolewa. Kipimo hiki cha mwisho kikiwa chini ya 1.25 katika hesabu ya milikwivalenti kwa lita, maji kwa kawaida ni salama. Kati ya 1.25 na 2.5 yataka uangalifu, kikizidi 2.5 hayafai bila dawa.

2. Kupima udongo kwa macho yetu. Jaribio hili kila mwalimu aweza kulifanya na watoto. Chukueni donge kavu la udongo, ukubwa wa punje ya hindi, mliweke polepole katika glasi ya maji ya mvua. Msikoroge. Baada ya saa chache tazameni. Donge likibomoka lakini maji yakabaki maangavu, hapana hofu kubwa. Likizungukwa na wingu kama la maziwa, chembe zimeachana, na yafaa kuita wataalamu bila kukawia.

3. Kuchimba mitaro ya kutoa maji. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote. Mfereji wa kuleta maji hupendwa na kila mtu, na siku ya kuuchimba watu huja na ngoma. Mtaro wa kutoa maji haupendwi na mtu, maana hauonekani kumletea mtu kitu, tena hukata shamba la huyu na la yule. Lakini pasipo mtaro hapana dawa nyingine itakayofaa: si jasi, si samadi, si kuosha. Kuosha udongo usio na njia ya kutokea ni kama kumwosha mtoto katika karai na kumwacha akae katika maji machafu.

4. Kutumia maji kwa kiasi na kwa akili. Mifereji ifungwe usiku isipotumika, na sehemu zivujazo zisiribwe. Palipo na maji mema na maji ya magadi, yachanganywe. Au maji mema yawekwe kwa ajili ya wakati wa kuota, maana mche mchanga huumia upesi kuliko mmea mkubwa. Mbegu zipandwe ubavuni mwa tuta, si kileleni, kwa kuwa chumvi hukusanyika kileleni. Ardhi ifunikwe kwa majani makavu ili jua lisiikaushe.

5. Kutia samadi na mboji. Vitu hivi vikioza hutoa hewa ambayo huyeyusha ile chokaa iliyofungwa, nayo kalsiamu hurudi kazini. Mimea jamii ya kunde, kama sesibania, ikilimwa na kufukiwa mbichi husaidia vilevile.

6. Kutia jasi palipokwisha ugua. Jasi huchimbwa katika nchi yetu, kama vile Makanya katika wilaya ya Same, na Itigi. Ikiyeyuka hutoa kalsiamu, nayo huifukuza sodiamu katika udongo, kisha maji huichukua mtaroni. Kiasi chake hutegemea udongo. Ardhi iliyougua sana huweza kutaka tani 10 hadi 15 kwa hekta, kwa hiyo pasiwe na mtu anunuaye kabla ya kupima. Nanyi msidanganyike: chokaa ya kupaka nyumba si jasi, wala haiponyi ardhi hii, kwa sababu haiyeyuki penye magadi. Na majivu ya jikoni msiyatie, kwa maana nayo ni jamii ya magadi.

7. Kuchagua mimea. Maharagwe, vitunguu na karoti huumia mapema. Mahindi huvumilia kidogo. Pamba na shayiri huvumilia zaidi. Bara Hindi huanza na mpunga katika majaruba yaliyotiwa jasi, kwa sababu mpunga hustahimili magadi maji yakisimama juu yake, na maji hayo huosha udongo, ngano hufuata. Lakini kubadili mmea peke yake si kuponya. Atokaye maharagwe akaenda mahindi, kisha pamba, kisha majani ya ng'ombe, na maji ni yale yale, amekuwa akihama vyumba katika nyumba iwakayo.

Sasa twasema nanyi Machifu na Wazee. Kazi nyingine yote aweza kuifanya mkulima mmoja. Kazi ya mtaro hawezi. Mtaro lazima upite katika mashamba ya watu wengi, na mwisho wake lazima upatikane mahali ambapo hautaharibu kisima wala malisho ya wengine. Hapo yatakuwapo maneno, na walio juu ya mfereji, ambao mashamba yao yangali mazuri, ndio watakaokataa zaidi. Watasema: shida ni ya watu wa bondeni, sisi yatuhusu nini? Wajibuni kwamba maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka. Yakipanda bondeni leo, kesho yatapanda kwao. Kila achukuaye maji ya mfereji na achukue pia sehemu yake ya kuchimba mtaro. Sheria hii iwekwe siku ile ile mfereji unapofunguliwa, wakati watu wote wana furaha, wala isingoje siku ya magomvi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ninyi Walimu, fanyeni lile jaribio la donge na glasi katika bustani ya shule, kila mwaka, mahali pale pale, na kuandika katika daftari mliyoyaona. Daftari la miaka 10 lina thamani kubwa kuliko maneno mengi, maana ardhi hii hufa polepole kuliko kumbukumbu ya mtu. Baba hukumbuka kwamba zamani shamba lilizaa magunia mengi. Mtoto hulijua jinsi lilivyo sasa tu, akadhani ndivyo lilivyoumbwa.

Na ninyi wakulima, msifiche doa jeupe au jeusi shambani mwenu kwa kuogopa maneno ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Doa la ukubwa wa mkeka laweza kuponywa kwa samadi, jasi kidogo na mtaro mfupi. Likiisha kuwa ekari, litataka fedha ambazo wengi wetu hatunazo.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka habari ya mji wa Yeriko katika zamani za nabii Elisha. Watu wa mji walipomwendea, hawakulaumiana wao kwa wao juu ya nchi isiyozaa. Walimwambia kwamba mji ni mzuri, lakini maji yake ni mabaya. Naye akaenda kwenye chemchemi. Sisi hatuna miujiza yake, ila akili ile ya kuanza kwenye maji tunayo. Basi chupa ya kwanza na ichukuliwe kiangazi hiki, kabla mfereji mwingine haujafunguliwa.